Shilingi Chini ya Kitanga

Usiku wa kuamkia Jumatatu nilifunga mlango wa duka
nikabaki ndani na hesabu.
Mwidadi ataka jibu asubuhi: chumba cha pili,
hapa hapa Mwembe Kuku, kilichoachwa na fundi saa.
"Shangazi, duka lako lina baraka. Tulipanue."

Baraka.
Nikalizungusha neno mdomoni kama kokwa ya ukwaju;
halikutemeka, halikumezeka.

Nikaiteremsha mizani kutoka kaunta,
kitanga cha bidhaa nikakigeuza kifudifudi.
Ipo bado. Shilingi tano ya zamani, ile nzito ya pembe saba,
imegandishwa kwa lami, imeota ukungu wa kijani.
Miaka tisa sikuigusa.
Miaka tisa nikipangusa kitanga juu tu.

Nikajiuliza ni nani aliyeibandika.
Nikajibu upesi, kama mshitakiwa aliyekariri:
mwaka ule ulikuwa mbaya,
mume alikuwa kalazwa Makadara,
kanjo hawaondoki mlangoni,
unga ulipanda mara mbili kabla ya Ramadhani.

Yote kweli.
Lakini mwaka ule uliisha.
Mume alizikwa, kanjo wakahamishwa, unga ukashuka,
na mkono wangu ukabaki pale pale.

Basi nikachukua penseli.
Sukari, robo robo, themanini kwa siku,
kila robo imepungua vijiko vitatu vya chai:
kilo moja na ushei, kila siku ya Mungu.
Magunia sitini na tano.
Nikainua macho kuyatafuta, na kumbe nayakanyaga:
ndiyo marumaru haya,
ndiyo friji, ndiyo geti la chuma,
ndiyo baraka ya Mwidadi.

Niliibandua kwa kisu cha samaki.
Usidhani nililia. Nilishikwa na njaa tu,
nikala mkate wa mofa na chai ya mkandaa.
Sukari sikuiweza.

Asubuhi Mwidadi nikamwambia: ngoja,
kwanza nijue nadaiwa nini.
Akacheka, akidhani nasema benki.

Na kila aliyekuja nikamzidishia kimyakimya,
konzi ndogo baada ya kitanga kutulia.
Nikajiona nalipa.
Nikajiona niko karibu kuwa mwema,
mimi, mwizi yule yule,
nikirudisha kwa mlango wa nyuma
nisije nikaulizwa niliingilia wapi.

Adhuhuri haijaadhiniwa, Lali wa Mwanatumu akarudi,
miaka saba, kandambili za dada yake,
mkononi kikaratasi kilichosokotwa ncha.
"Mama asema leo umezidisha.
Amepima kwa kikombe chake.
Asema hii si yetu."

Kikombe chake.
Kwa hivyo alikuwa akipima.
Kwa hivyo miaka yote hii alijua
robo yangu yaishia wapi, kidole kimoja chini ya ukingo,
na bado akinituma mtoto,
na bado akiniitikia salamu.

Mimi nilijitazama usiku mmoja nikajisifu kwa macho yangu makali.
Yeye alinitazama miaka tisa, akaninyamazia
kama mtu amngojaye mgonjwa aombe maji mwenyewe.

Nikafunga duka jua la utosi. Haijapata kutokea.
Nikamshika Lali mkono, tukaingia uchochoroni.
Njiani nikatunga maneno ya kusema.
La kwanza lilianza na "mwaka ule".
La pili lilianza na "mwaka ule".
Nikayaacha pale kwenye mtaro, na maji ya nguo.

Mlango wa Mwanatumu ni pazia tu,
hauna pa kugonga.
Nikasimama, ngumi imefumba shilingi tano isiyonunua tena kitu,
nikasema hodi.
Sauti ilitoka ndogo.
Nikasema tena.